Kumfundisha Mtoto Kuprogramu: Kutoka Chaki ya Uwanjani Hadi Mchezo wa Dagaa

Siku mbili za kwanza acha kompyuta ikae kabatini. Mtoto akiwekewa skrini mbele yake kabla hajajua amri ni kitu gani, atabofya kila kinachong'aa, na saa ikiisha utakuwa umemfundisha kubofya. Vifaa vya kuanzia ni chaki, uwanja wa saruji wa mita mbili kwa mbili, na mawe. Mawe Mwanza hayajawahi kuadimika.

Maelezo haya ni ya mzazi, mwalimu au dada mkubwa mwenye kompyuta moja au mbili na watoto wa miaka 8 hadi 13. Wadogo zaidi, wa miaka 5 hadi 7, wana programu yao iitwayo ScratchJr. Haihitaji kusoma, bloku zake, yaani vipande vya amri vinavyounganishwa, ni za picha, na inafaa zaidi kwenye tableti kuliko kwenye simu yenye skrini ndogo.

Siku ya chaki

Chora miraba 5 kwa 5, kila mmoja sentimita 40. Mraba wa kona moja uandike Ukerewe, wa kona ya pili andika Mwaloni. Weka mawe manne au matano katikati. Mtoto mmoja ni roboti: anasimama Ukerewe na kopo mkononi, kopo ni sangara, na sangara afike sokoni Mwaloni bila kugonga jiwe. Wenzake wanaandika amri zote kwenye karatasi kabla roboti hajainua mguu.

Amri ni tatu tu: MBELE, yaani mraba mmoja, KUSHOTO, na KULIA. Hizi mbili za mwisho ni kugeuka palepale bila kusogea, na hapo ndipo karibu kila kundi hukwama. Mtoto huandika KUSHOTO akimaanisha "nenda mraba wa kushoto". Usimweleze sana, soma amri yake, roboti ageuke na asisogee, naye ataona. Kosa la pili ni la kushoto kwa nani. Mwandishi aliyekaa akitazamana na roboti huandika kushoto kwake mwenyewe. Asimame nyuma ya roboti, na roboti afungwe kitambaa mkono wa kushoto.

Roboti asifikiri. Akiambiwa apite kwenye jiwe, apite. Roboti mwenye huruma, anayekwepa jiwe ili kuwasaidia wenzake, anaharibu somo zima, kwa hiyo mchague mtoto mtundu anayefurahia kugonga. Safari ikiharibika wasichane karatasi. Uliza, "Amri ya ngapi imeharibu?" Wahesabu, wairekebishe hiyo moja, waanze tena. Wakichoka kuandika MBELE MBELE MBELE, waonyeshe MBELE x 3. Hapo kitanzi, yaani amri ya kurudia, kimeingia bila mhadhara.

Siku ya bao

Bao linalochezwa kando ya maduka, ambalo Wasukuma wana lao wanaliita isolo, ni darasa la "rudia mpaka". Chukua mashimo 8 yaliyopangwa duara na kete 2 kila shimo. Sheria ni moja: chota kete zote za shimo la 1, panda moja moja kwenye mashimo yanayofuata, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, chota zote za hapo uendelee, ikiangukia shimo tupu, simama.

Kabla ya kugusa kete, kila mtoto aandike: utachota mara ngapi, na utasimama shimo gani? Jibu ni mara 3, na unasimama shimo la 1. Ukianza na kete 3 kila shimo, utachota mara 3 vilevile, lakini utasimama shimo la 4. Jaribu mwenyewe usiku wa kabla, kwa sababu watoto watabisha. Anayeanza kupandia shimo lilelile alilochota atapata jibu tofauti, na huko kupishana kwa shimo moja ndiko kosa linalowatesa hata waandishi wa programu wazoefu.

Tabia ya kutabiri kwanza ndiyo utakayoibeba mpaka mwisho. Kwenye kompyuta, kabla mtoto hajabofya bendera ya kijani ya kuanzishia programu, aseme kwa sauti kitakachotokea. Asiyetabiri hana cha kushangaa, na bila kushangaa hatatafuta kosa.

Mashine

Programu ya kuanzia ni Scratch, iliyotoka mwaka 2007 kwenye maabara ya vyombo vya habari ya chuo cha MIT, Marekani. Ni bure. Toleo la 3, lililotoka Januari 2019, lina programu ya kusakinisha inayofanya kazi bila intaneti. Kwa upande wa Windows inataka Windows 10 kwenda juu. Ipakue mara moja mahali penye mtandao mzuri, iweke kwenye flashi, sakinisha kompyuta zote. Usitegemee bando la simu darasani: watoto sita wakifungua tovuti kwa pamoja, nusu ya kipindi kinaishia kwenye kusubiri.

Kompyuta ikiwa ya zamani, yenye Windows 7, usiitupe. Scratch 1.4 ya mwaka 2009 inafanya kazi hata kwenye mashine dhaifu sana, na faili zake zitafunguka kwenye toleo la 3 baadaye. Kwa Linux ya kawaida tumia TurboWarp, inayofungua faili zilezile za toleo la 3. Simu haifai kuandikia: bloku ni ndogo, kidole kinaziba unachokisogeza.

Badilisha lugha iwe Kiswahili, kupitia mipangilio iliyo juu au alama ya dunia kwenye matoleo ya nyuma kidogo. Maneno ya bloku yanaweza kupishana kidogo na haya tunayotumia hapa, kwa hiyo fuata rangi: mwendo ni bluu, muonekano zambarau, matukio njano, udhibiti (vitanzi na masharti) njano iliyokolea, kuhisi bluu nyepesi, hesabu kijani, na vigeu, yaani masanduku ya kutunzia namba, rangi ya chungwa. Nyongeza ya kalamu, yaani bloku za ziada za kuchorea, inafanya kazi bila mtandao. Ile ya kusoma maandishi kwa sauti inahitaji mtandao, ifiche wasiione.

Umeme ukikatika na betri ya laptopu imekufa, kazi isiyohifadhiwa imekwenda. Programu iliyosakinishwa haihifadhi yenyewe. Weka sheria: kila kitu kipya kikifanya kazi, hifadhi kwa jina jipya lenye namba, dagaa1, dagaa2, dagaa3. Namba hizo zinasaidia zaidi siku mtoto atakapovuruga kila kitu na kutaka kurudi pale palipokuwa pazuri.

Watoto wawili kwa kompyuta moja, mmoja dereva, mwingine konda. Dereva anashika kipanya na kibodi lakini haamui kitu. Konda anasema nini kifanyike lakini hagusi. Kila dakika 10 wabadilishane, kwa saa ya ukutani, si kwa kuulizana. Pasipo saa, mtoto mwenye kiherehere hushika kipanya saa nzima, na mara nyingi wasichana ndio hubaki abiria. Watatu kwa kompyuta wanavumilika. Wanne, wawili watakuwa wanachezea kitu kingine. Na wewe mwalimu, mikono nyuma. Ukigusa kipanya "nikuonyeshe tu", mtoto amejifunza kwamba kazi ngumu ni yako.

Ziwa kwenye jukwaa

Jukwaa la Scratch lina upana wa hatua 480 na kimo cha 360. Katikati ni x 0, y 0. X inatoka -240 kushoto hadi 240 kulia, y kutoka -180 chini hadi 180 juu. Namba hasi huwatisha watoto wa darasa la tatu na la nne. Kwa mtoto wa kando ya ziwa dawa ipo: y 0 iwe Ikweta. Mwanza tuko kusini mwa Ikweta kwa takriban digrii 2.5, kwa hiyo tuko chini ya sifuri. Jinja iko kaskazini, kwa hiyo iko juu. x 0 iwe mstari unaopita Mwanza. Kila digrii moja ihesabiwe hatua 60, upate kwa makadirio:

Mwanza x 0, y -150
Bukoba x -65, y -80
Musoma x 55, y -90
Jinja x 20, y 25
Kisumu x 110, y -5

Wape orodha ya majina bila namba, na orodha ya namba bila majina, waoanishe kwanza kwa kichwa: mji gani uko magharibi, mji gani umeikaribia Ikweta? Kisha mhusika, awe meli au paka wa Scratch mwenyewe, atumie bloku ya bluu ya kuteleza hadi x na y kwa sekunde 2, afunge safari Mwanza–Musoma–Kisumu–Jinja–Bukoba na kurudi. Meli ikienda mahali pasipotarajiwa, karibu kila mara ni alama ya kutoa iliyosahaulika.

Mraba, na pembetatu inayokataa

Ongeza nyongeza ya kalamu. Chini ya bendera ya kijani weka: futa yote, nenda x 0 y 0, elekea 90, shusha kalamu. Mistari hii minne ni ya lazima. Scratch haimrudishi mhusika mwanzo yenyewe. Asipoelekezwa 90 ataanza pale alipoishia jana, na mtoto atasema kompyuta "imeharibika". Elewa pia kwamba 90 ni kulia, 0 ni juu, -90 kushoto, 180 chini.

Kisha: rudia mara 4, sogea 100, geuka 90. Mraba umetoka. Kompyuta ikimaliza kabla jicho halijaona, weka kusubiri sekunde 0.5 ndani ya kitanzi.

Sasa omba pembetatu yenye pande sawa. Mwanafunzi aliyesoma hesabu ataweka rudia mara 3, geuka 60, maana pembe za pembetatu hiyo ni 60 kila moja. Atapata kitu kama bakuli lililo wazi, nusu ya umbo la pande sita. Usimpe jibu. Mpeleke nje kwenye chaki, atembee pembetatu kwa miguu, afike kona, ageuke, apime amegeuka kiasi gani. Miguu inageuka pembe ya nje: 180 kutoa 60 ni 120. Akishaona kwamba mzunguko mzima ni 360, pande tano zitampa 72 bila kuuliza mtu. Logo, lugha ya kuprogramu iliyoanza mwaka 1967, baadaye ilijulikana kwa wazo hilihili, kwa kobe badala ya paka, na bado hakuna somo la jometri linalolishinda.

Mchezo wa taa na dagaa

Huu unachukua vipindi vitatu vya saa moja. Wavuvi wa dagaa huwasha taa usiku wa giza ili samaki wasogee kwenye mwanga. Mchezo unafanya hivyo hivyo. Wahusika ni watatu: Taa, Wavu, Dagaa. Wachore wenyewe, lakini kwa dakika 5 kila mmoja, la sivyo kipindi kitaisha kwenye kuchora magamba. Dagaa achorwe akitazama kulia, la sivyo ataogelea kinyumenyume. Wavu uwe na upana wa hatua 80 hivi. Jukwaa lipakwe bluu nzito.

Taa: bendera ikibofywa, milele, nenda kwenye kiashiria cha kipanya.

Wavu: bendera ikibofywa, nenda x 0 y -130. Kisha milele: kama kitufe cha mshale wa kulia kimebonyezwa, badili x kwa 8, kama cha kushoto, badili x kwa -8. Wengi watatumia bloku ya njano ya "kitufe kikibonyezwa" badala ya kitanzi. Inafanya kazi, ila wavu unaruka mara moja, unasita, ndipo unaendelea, kama kibodi inavyorudia herufi ukiishikilia. Waache waione tofauti.

Kabla ya Dagaa, tengeneza kigeu kiitwacho Alama, cha wahusika wote. Kisha Dagaa ana vipande viwili (nasibu ni namba ambayo kompyuta inajichagulia yenyewe):

Bendera ikibofywa
– jifiche
– weka Alama kuwa 0
– rudia mara 12: tengeneza nakala yangu

Ninapoanza kama nakala
– nenda x nasibu -220 hadi 220, y nasibu 0 hadi 170
– jionyeshe
– milele:
– – kama umbali hadi Taa ni chini ya 120, elekea Taa
– – geuka nasibu -20 hadi 20
– – sogea 2
– – kama uko ukingoni, dunda
– – kama unagusa Wavu: badili Alama kwa 1, kisha nenda x nasibu -220 hadi 220, y nasibu 0 hadi 170

Usiwape hii yote kwa mkupuo. Anza na dagaa mmoja bila nakala, anayeelekea taa na kusogea 2, basi. Scratch inazungusha kitanzi cha namna hii takriban mara 30 kwa sekunde, kwa hiyo hatua 2 ni kama 60 kwa sekunde. Dagaa atavuka jukwaa zima kwa sekunde 8. Mtoto atataka 20. Mpe ruhusa, dagaa ataruka kama risasi, atarudisha mwenyewe.

Haya ndiyo yatakayoharibika, kwa mpangilio ambao huwa yanatokea.

Dagaa anaogelea tumbo juu akielekea kushoto. Weka mtindo wa kugeuka uwe kushoto-kulia.

Dagaa akigusa wavu hakuna kinachotokea. Sharti limewekwa nje ya kitanzi cha milele. Kompyuta imeuliza "unagusa?" mara moja tu, pale bendera ilipobofywa, ikajibiwa hapana, ikaondoka. Mlinganishe na mlinzi aliyechungulia getini saa kumi na mbili jioni kisha akalala. Kosa hili litarudi kwenye kila mchezo, kwa hiyo tumieni muda juu yake.

Alama zinaruka kutoka 0 hadi 47 kwa samaki mmoja. Dagaa hakuhamishwa baada ya kuguswa, na kitanzi kimemhesabu mara 30 kila sekunde. Ndiyo maana kuna kwenda nasibu mara tu baada ya kuongeza alama, na ndiyo maana y inaanzia 0: akitupwa popote jukwaani anaweza kuangukia juu ya wavu na kuhesabiwa tena.

Dagaa wote wanakuwa kitone kimoja juu ya taa. Bloku ya kugeuka nasibu imesahaulika.

Kompyuta inakuwa nzito ghafla na skrini inajaa samaki. Mtoto ameweka "tengeneza nakala yangu" ndani ya kitanzi cha milele kilicho chini ya "ninapoanza kama nakala". Kila nakala inazaa, na nakala zinazaa tena, mpaka kikomo cha Scratch cha nakala 300. Bonyeza alama nyekundu ya kusimamisha, na kabla ya kurekebisha wahesabu ubaoni: 1, 2, 4, 8... ni mara ngapi kufika 300?

Jambo zuri zaidi huja baadaye. Ukiwa bado na toleo la mwanzo, lisilo na sharti la umbali, watoto hugundua kwamba ukiiweka taa juu ya wavu na kuacha, alama zinajijaza zenyewe. Mchezo umekufa. Waulize watafanyaje. Kundi moja litasema dagaa waogope, jingine litasema taa izimike. Umbali wa 120 ni jibu letu tu: dagaa aliye mbali haoni mwanga, lazima umfuate, umrudishe polepole. Wakipata lao likafanya kazi, liache lao.

Mwisho ni muda. Kigeu Muda, kwenye jukwaa lenyewe: weka Muda kuwa 60, rudia mpaka Muda ni 0, subiri sekunde 1, badili Muda kwa -1, nje ya kitanzi, simamisha vyote. Ikiwa hakuna "subiri sekunde 1", dakika nzima itaisha ndani ya sekunde 2. Dereva ashike taa kwa kipanya, konda asogeze wavu kwa mishale. Sasa ni mchezo wa watu wawili, na pamoja na hayo wameujaribu.

Mtoto akitaka kuupeleka nyumbani kwa mama asiye na kompyuta, kifungashio cha TurboWarp kinaugeuza kuwa faili moja ya ukurasa wa wavuti inayofunguka kwenye kivinjari cha simu bila mtandao. Mishale haipo kwenye simu, kwa hiyo kabla ya kufungasha mchezo, wavu ubadilishwe usitegemee mishale.

Lini kuacha bloku

Umri si kipimo. Angalia mtoto anapoanza kulalamika kwamba kukokota bloku kunamchelewesha, au anapokuwa na kipande kirefu kuliko skrini. Hapo mpe Python, lugha ya kuprogramu kwa maandishi, ambayo ikisakinishwa huja na moduli ya kobe ya kuchorea, na arudie mraba na pembetatu zilezile kwa kuandika. Kinachobadilika ni maandishi, wazo analijua tayari.

Wiki ya kwanza tegemea makosa matatu: alama ya nukta mbili (:) iliyosahaulika mwisho wa mstari wa kitanzi, mistari ya ndani isiyosogezwa kulia kwa usawa, na herufi kubwa pale inapotakiwa ndogo, kwani Python huziona kuwa vitu viwili tofauti. Maneno yake ni ya Kiingereza, lakini ya kuanzia hayafiki kumi na tano. Yabandike ukutani na maana zake. Ujumbe wa kosa usomwe kuanzia mstari wa mwisho, ambako kosa lenyewe limetajwa, ndipo apande juu kutafuta namba ya mstari.